Ndugu Wanne wa Jesup

Sisi wa visiwani tumezoea kuiona fidla ikikaa pamoja na ganuni na udi, nyuma ya mwimbaji. Si ajabu basi msomaji akiuliza: fidla mbili, viola na chelo, bila ya mwimbaji wala ngoma, zina neno gani la kumwambia mkulima wa mahindi?

Swali hilo liliulizwa kwa vitendo mwaka 1992, katika jimbo la Iowa, Marekani. Mfuko wa Taifa wa Sanaa, unaoendeshwa kwa fedha za serikali, ulianza kuwapeleka wanamuziki vijana wakaishi mashambani. Miongoni mwa wa mwanzo walikuwa Ying Quartet, ndugu wa tumbo moja waliokulia viungani mwa Chicago: Timothy na Janet kwenye fidla, Phillip kwenye viola, David kwenye chelo. Walipangiwa Jesup, kijimji cha watu elfu mbili hivi.

Iowa ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika muongo mchungu. Miaka ya 1980 madeni yaliwapokonya wakulima wengi mashamba yao, na benki kadhaa za vijijini zikafungwa. Kumpeleka Beethoven mahali hapo kungeweza kuonekana kama dhihaka.

Kilichouokoa mpango ule, kwa maoni yangu, ni kule kukaa. Hawakuja kutumbuiza usiku mmoja wakaondoka. Walikaa takriban miaka miwili, wakipiga mashuleni, makanisani, majumbani mwa watu, hata ndani ya benki. Siku nyingine mbele ya wasikilizaji sita, siku nyingine mia sita. Na muziki huu, uliotungwa tangu asili kwa ajili ya chumba, unautaka ukaribu huo. Hauna kiongozi wa kupunga fimbo: mpiga fidla wa kwanza huvuta pumzi, na wenzake wakaanza naye. Mtoto aliyekaa hatua mbili mbele yao huiona pumzi ile. (Ukumbi mkubwa huificha; nimekaa viti vya nyuma mara nyingi vya kutosha kulijua hilo.)

Wala shamba halikuwadumaza. Mwaka 1993 walitunukiwa tuzo ya Naumburg, wangali wakaazi wa Jesup.

Huko Washington, hata hivyo, mfuko wenyewe ulikuwa mashakani. Wabunge waliochukizwa na baadhi ya picha zilizotundikwa makumbushoni walitaka ufutwe kabisa. Haukufutwa, lakini bajeti yake, iliyokuwa kama dola milioni 162 mwaka 1995, ilishushwa hadi milioni 99 mwaka 1996. Picha ndizo zilizoudhi. Kisu kilishuka juu ya mfuko mzima, ule ule uliokuwa umewalipa ndugu wa Jesup.