Safari ya Chanjo ya Korona Katika Afrika Mashariki, 2021

Ndugu msikilizaji, nawe uliyelikosa somo letu hewani ukalipata katika karatasi hii, tandaza ramani ya Afrika Mashariki mbele yako. Leo twataka kujua kwa nini majirani wanaotumia barabara moja na ziwa moja walipata chanjo ya korona kwa nyakati mbalimbali.

Kuchanjwa si jambo geni kwetu. Mtazame mzee wako mkononi, karibu na bega, pengine utaona kovu la chanjo ya ndui. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, Oktoba 1977. Jambo geni katika mwaka 2021 lilikuwa kugombea chupa chache pamoja na dunia nzima.

Mwaka 2020 uliundwa mpango wa COVAX, ili chanjo zinunuliwe kwa pamoja na nchi maskini nazo zipate fungu lao. Wazo lilikuwa jema. Lakini mataifa tajiri yalikuwa yamekwisha kufanya mikataba na wenye viwanda, yakatangulia. Uingereza ilianza kuwachanja watu wake tarehe 8 Desemba, 2020. Nairobi ilipokea chanjo zake za kwanza za COVAX, 1,020,000 za AstraZeneca, tarehe 3 Machi, 2021, na Uganda ikapokea 864,000 siku mbili baadaye. Zote zilitoka katika kiwanda kimoja kilichoko Pune, India.

Sasa chukua kalamu. Kila mtu alitakiwa kuchanjwa mara mbili, kwa hiyo gawanya 1,020,000 kwa mbili. Utapata watu 510,000. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ina watu zaidi ya milioni 47. Yaani katika kila watu tisini, fungu lile halikumtosha hata mmoja! Ndiyo maana waganga na wauguzi walitangulizwa.

Mwezi huohuo maradhi yaliivamia India kwa nguvu, nayo ikazizuia chanjo zisitoke. Nani atamlaumu mtu kwa kuzima kwanza moto wa nyumba yake? Hata hivyo, waliokwisha kuchanjwa mara ya kwanza walibaki wakingoja ya pili, na Kenya ikarefusha muda wa kungoja kutoka wiki 8 hadi 12. Pune haikuipelekea COVAX chanjo tena mpaka Novemba.

Wakati majirani wakingoja, Kongo ilikuwa nazo ghalani. Ilipokea 1,700,000 tarehe 2 Machi, lakini zikaja habari kutoka Ulaya za watu kuganda damu baada ya kuchanjwa, serikali ikasita. Ilianza kuchanja tarehe 19 Aprili. Chanjo ina siku zake, wala haimngojei mtu. Mwishowe zipatazo 1,300,000 zilitolewa zipelekwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Sudani Kusini nayo ilirudisha 72,000, zikapelekwa Kenya.

Tanzania ilipita njia yake. Serikali ya Rais John Magufuli haikutaka chanjo hizo. Alifariki Machi 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu. Tarehe 24 Julai zilifika Dar es Salaam chanjo 1,058,400 za Johnson & Johnson, msaada wa Marekani, na tarehe 28 Rais mwenyewe alichanjwa mbele ya watu. Hizo zilichomwa mara moja tu, nafuu kubwa kwa muuguzi wa zahanati ya mbali, maana hakuwa na haja ya kumtafuta mtu yuleyule mara ya pili. Burundi ilianza Oktoba, kwa chanjo kutoka China.

Wengi husema kwamba uvumi na woga wa wananchi ndivyo vilivyotuchelewesha. Uvumi ulikuwako, sikatai. Lakini kwa miezi mingi ya mwaka ule hata aliyekunja mkono wa shati akitaka sindano aliambiwa hakuna. Na misaada ilipoanza kumiminika, nyingi ilikuja bila taarifa ya kutosha, muda wake ukiwa karibu kwisha. Mwishoni mwa Novemba 2021 COVAX na wakuu wa afya wa Afrika waliwaomba wafadhili kwa pamoja watoe taarifa walau wiki 4 kabla, na chanjo zifike zikiwa na uhai usiopungua wiki 10.