Ugomvi Uwe na Mwisho: Somo la Mwaka Kogwa



Kila ukikaribia mwezi wa Julai, sisi mafundi cherehani tunajua zamu ya nguo za Makunduchi imefika. Huko kusini mwa Unguja husherehekewa Mwaka Kogwa, mwaka mpya wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi. Wanaume wa pande mbili za mji huingia uwanjani wakapigana kwa migomba, kila mtu akatoa dukuduku lake la mwaka mzima. Wanawake, wamependeza kwa nguo zao, huzunguka wakiimba na kurushiana maneno. Kisha huchomwa kibanda cha makuti, watu wakaenda kula, na mgeni hakosi sahani.

Wapo kati yetu wenye shaka na baadhi ya mambo ya mila hii, na hayo tunawaachia masheikh. Lakini wazee walijua jambo moja: ugomvi lazima uwe na mwisho.

Visiwa vyetu viliwahi kuukosa mwisho huo. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, siasa ziliingia majumbani, hasa Pemba. Watu walisusiana maduka, harusi, hata mazishi. Januari 2001 damu ilimwagika. Biharusi aliweza kuolewa shangazi yake hayupo, kisa ni chama tu.

Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana. Tarehe 31 Julai 2010, zaidi ya asilimia 66 ya waliopiga kura ya maoni walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Tukayaita Maridhiano. Lakini kura haimrudishi shangazi jikoni. Anayemrudisha ni yule anayekwenda kumpigia hodi na kumwalika.

Huo ndio urithi wetu wanawake: kualikana, kupikiana, kuvaa sare moja kwenye shughuli. Mtume (S.A.W.) ametukataza kumhama ndugu yetu zaidi ya siku tatu, nasi wengine tunahesabu miaka.

Basi biharusi, kabla hujatuletea hesabu ya sare, itazame tena. Nani umemwacha nje kwa kinyongo? Mpelekee doti ya kanga kwa mkono wako. Huenda akaikataa. Wewe mpelekee tu.