Haidrojeni na Oksijeni: Historia Ndefu ya Kuzitenga

Aliyesoma kemia sekondari analikumbuka jaribio hili. Vipande vya zinki vinatiwa kwenye asidi, povu linapanda, gesi inakingwa kwenye neli ya kioo, kisha kijiti kinachowaka kinasogezwa mdomoni mwa neli. Ikilia "pop", gesi imechanganyika na hewa. Ikiwaka kimya kimya, haidrojeni ni safi. Mwalimu makini haruhusu mtu awashe gesi inayotoka kwenye chupa kabla ya kipimo hicho.

Usalama wa mitambo ya haidrojeni, tangu karne ya 18 hadi leo, umejengwa juu ya kanuni hiyo. Gesi hii ikiwa peke yake ndani ya tangi haiwezi kuwaka, maana moto unahitaji oksijeni. Ikichanganyika na hewa, hushika moto ikiwa ni kuanzia asilimia 4 hadi 75 ya mchanganyiko. Methani hushika moto kati ya asilimia 5 na 15 tu. Tena cheche ya kuiwasha haidrojeni ni ndogo mno: milijouli 0.02 hivi, kiasi ambacho hata nguo zikisuguana zinaweza kukitoa.

Jicho la Conté

Mwingereza Henry Cavendish aliichunguza gesi hii na kueleza tabia zake mwaka 1766. Agosti 1783, Mfaransa Jacques Charles alirusha puto la kwanza la haidrojeni mjini Paris. Gesi yake ilitokana na chembe za chuma zilizomiminiwa asidi ya salfa. Miaka michache baadaye Ufaransa ilikuwa vitani, na jeshi likataka maputo ya kumchungulia adui. Lakini salfa ilihitajika kutengenezea baruti. Ikabidi itumike njia ya mwanakemia Mfaransa Lavoisier: mvuke wa maji unapitishwa kwenye mabomba yaliyojaa chembe za chuma na kuchomwa hadi yawe mekundu. Chuma kinanyakua oksijeni, haidrojeni inabaki. Juni 26, 1794, puto la jeshi lilipaa juu ya vita vya Fleurus.

Mmoja wa wataalamu wa kazi hiyo alikuwa Nicolas-Jacques Conté, aliyefanya majaribio yake Meudon, nje ya Paris. Mlipuko katika maabara yake ulimpotezea jicho la kushoto. Dunia inamkumbuka zaidi kwa penseli ya grafaiti na udongo, aliyoipatia hataza mwaka 1795. Inafaa imkumbuke pia kwa jicho hilo.

Kinga zilipatikana moja baada ya nyingine. Mwaka 1815, Humphry Davy alikuwa akitafuta taa salama kwa wachimbaji wa makaa ya mawe nchini Uingereza. Aligundua kwamba moto haupiti kwenye wavu wa waya wenye matundu madogo, kwa kuwa waya huunyang'anya joto. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika katika vizuia-moto vinavyofungwa kwenye mabomba ya gesi. Kwa haidrojeni matundu lazima yawe madogo zaidi, maana moto wake hupenya mwanya usiofika hata milimita 1.

Mwaka 1823, mjini Jena, Ujerumani, Johann Wolfgang Döbereiner aliielekeza haidrojeni kwenye platinamu yenye vinyweleo, ikawaka yenyewe hewani. Leo metali za jamii hiyo zinatumika kama kinga: huyaunganisha masalia ya oksijeni na haidrojeni yakawa maji, kabla gesi haijaingia tangini.

Kiwambo kati ya gesi mbili

William Nicholson na Anthony Carlisle walitenganisha maji kwa umeme mjini London mwaka 1800. Kwa njia hiyo hatari ilihamia ndani ya mtambo wenyewe, kwa kuwa haidrojeni na oksijeni huzaliwa bega kwa bega. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 zilitengwa na kiwambo cha asbestosi. Kiwambo kikitoboka, au shinikizo la upande mmoja likizidi, gesi huvuka. Mwaka 1975, huko Ilford, Uingereza, mlipuko katika mtambo wa aina hii ulimuua mfanyakazi mmoja.

Taratibu za leo zinatokana na matukio ya namna hiyo. Kabla ya kuwasha mtambo, naitrojeni hupitishwa kufukuza hewa. Paa huachiwa matundu, kwa sababu haidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa na hujikusanya juu. Mabomba na matangi hufungwa nyaya za ethi. Vipimo huangalia usafi wa gesi muda wote.

Mei 23, 2019, mjini Gangneung, Korea Kusini, tangi la haidrojeni lililipuka kwenye mradi wa majaribio uliotumia umeme wa jua. Watu 2 walikufa na 6 walijeruhiwa. Umeme wa jua hupanda na kushuka. Unaposhuka, uzalishaji nao hushuka, lakini oksijeni inayopenya kwenye kiwambo haipungui kwa kiasi hicho, kwa hiyo sehemu yake ndani ya haidrojeni huongezeka. Ilizidi asilimia 6, na cheche ya umeme tuli ikamaliza kazi. Wachunguzi walibaini kuwa hapakuwa na kifaa cha kuondoa oksijeni. Walibaini pia kwamba ilikwishajulikana oksijeni imepita asilimia 3, lakini majaribio yakaendelea ili zitimie saa 1,000 zilizopangwa.

Habari hiyo inatuhusu. Septemba 2023 Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani, na huko Morendat, karibu na Naivasha, umewekwa mtambo wa kutengeneza amonia ya mbolea kwa umeme wa jua. Mbolea inayotengenezwa nyumbani ni neema kwa mkulima, nami naiombea mitambo hii iongezeke. Lakini mawingu ya hapa hupita juani kama ya Korea. Gangneung namba ya kutisha ilikuwa imeshaonekana; kilichokosekana ni mtu wa kusema basi, tuzime. Kila mkataba wa mtambo mpya useme wazi ni nani kati ya walio zamu mwenye mamlaka ya kuuzima, na kwamba hatadaiwa saa zilizopotea.