Utumbo Usiosubiri Amri

Mwaka 1899, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa ya fahamu iliyounganisha utumbo wa mbwa na sehemu nyingine za mwili. Utumbo haukusimama, uliendelea kusukuma vilivyokuwa ndani yake. Mwaka 1921 John Langley wa Cambridge aliutambua mtandao wa neva uliomo katika kuta za utumbo kuwa tawi la tatu la mfumo wa neva unaojiendesha. Baadaye elimu hiyo ikafifia. Utumbo ukaonekana tena kuwa mtumishi tu wa ubongo.

Katika miaka ya 1960 Mmarekani Michael Gershon alipodai kwamba serotonini ni mjumbe wa neva za utumbo, wenzake wengi walimpinga. Hakujibu kwa kelele. Alirejea maabara, akakusanya ushahidi kwa miaka mingi hadi hoja yake ikakubalika. Mwaka 1998 alichapisha kitabu The Second Brain, yaani Ubongo wa Pili.

Ndugu msomaji, ukweli uliokwisha kuthibitishwa waweza kuzikwa bila kukanushwa, mazoea yanatosha. Ndiyo maana taifa lisilowavumilia watafiti wakaidi hujikuta likigundua upya yale ambayo wazee wake waliyajua.