Masikizi, si "Maono ya Sauti"

Katika fomu moja ya kliniki ya afya ya akili, kati ya swali la usingizi na lile la pombe, mgonjwa huulizwa: "Je, unapata maono ya sauti?" Bibi mmoja aliyesomewa swali hilo alijibu kwa adabu zote: "Maono siyapati, mwanangu, jicho langu lina mtoto. Ila huyu anayeniita usiku, huyo namsikia." Muuguzi akatia alama kwenye "Hapana".

Alama hiyo ndiyo iliyozaa makala haya.

Walioiunda istilahi ya fomu, ambao kwa hisani hawatatajwa, walikuta neno la Kizungu, hallucination, linalobeba milango yote ya fahamu, wakaona kamusi imeandika "maono", wakabandika "ya sauti" nyuma yake, wakaenda kula. Esquirol, tabibu Mfaransa aliyechapisha kitabu chake kikuu cha magonjwa ya akili mwaka 1838, hakulifunga neno hilo machoni. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kutangatanga kwa akili, na akili hutangatanga kwa sikio kama kwa jicho. Hata aliyepoteza usikivu wake huweza kuzisikia sauti hizo. Maono, isitoshe, yana mwenyewe siku hizi: ukiambiwa jirani ana maono, utauliza kanisa lake liko wapi.

Kamati nyingine ikaja na "udanganyifu wa kusikia". Udanganyifu ni wa vyumba vya mitihani. Mgonjwa hajamdanganya mtu.

Maluweluwe lingefaa, tena ni neno la kale lenye ladha ya pwani, lakini lina joto la homa ndani yake, na anayesikia sauti huenda hana homa kabisa. Basi kwa nini kitenzi chenyewe kisizae? Ona imezaa maono. Sikia, kwa njia hiyohiyo, ingezaa masikio, na kiti hicho kimekwisha kukaliwa na viungo viwili vya kichwani. Lakini lugha ina mlango wa pili: tumia hutoa matumizi, simulia hutoa masimulizi. Sikia hutoa masikizi.

Mwandishi wa makala haya alilipeleka neno hilo kwenye warsha moja. Likaandikwa ubaoni kwa kalamu ya kijani, likakaa dakika kumi hivi. Wajumbe waliporudi kutoka kwenye chai lilikuwa limefutwa, na mahali pake pameandikwa utaratibu wa kulipana posho.

Hoja iliyolifuta ni kwamba sikia ni pana mno. Mtu husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa, na mtoto mtundu "hasikii" ingawa masikio yake ni mazima. Ni kweli, na upana huo haukuzuka Kariakoo. Wakikuyu husikia baridi kwa kitenzi kilekile cha kusikia sauti, Wazulu vivyo hivyo. Ni urithi wa Kibantu. Sikio la kufa nalo, katika methali, halisikii dawa, na dawa haina sauti.

Sasa, wako wagonjwa wanaonusa moshi usiokuwepo, na wengine huhisi wadudu wakitambaa chini ya ngozi. Kwa Kiswahili hawa wote wanasikia kitu. Masikizi yangewachukua bila taabu: masikizi ya sauti, masikizi ya harufu, masikizi ya ngozi, na maono yakabaki na kazi yake ya macho. Mpinzani mmoja, mwenye shahada mbili na mazoea ya kukata watu kauli, alisimama kusema kuwa watu husema pia "naona baridi". Sawa. Na harufu, huiona?

Kuhusu matumizi: masikizi ni neno la kitabuni na la faili. Mgonjwa aulizwe tu, "Kuna mtu anayekusemesha, ukigeuka humwoni?" Bibi yule angejibu ndiyo, na angemtaja kwa jina. Ni marehemu mumewe, na sauti ya marehemu kwa mjane si lazima iwe ugonjwa. Humwita aje kufunga mlango wa uani, ambao kwa kweli hauna komeo.