Jamaa Anayeganda Alivyogeuka Bwana Harusi

Kama umekulia Temeke au Kinondoni miaka ya 2000, kisa hiki unakijua. Jamaa anamtaka dada, dada anakataa. Jamaa anamfuata kazini, anamvizia stendi usiku, anampigia simu mpaka chaji inaisha. Mwisho anakunywa sumu, anakimbizwa Muhimbili, anapona. Sehemu ya mwisho: ndoa. Na sisi tunafuta machozi, "huyo sasa ndiyo anajua kupenda."

Ilianzia wapi? Siyo kwa wazee. Neno majununi tumelitoa kwenye Kiarabu, maana yake mwendawazimu, na ndilo jina alilopachikwa yule kijana wa Laila. Mshairi Nizami wa Uajemi alipoiandika hadithi yao mwaka 1188, baba wa binti aligoma kumwoza kwa sababu kijana hayuko sawa kichwani. Kijana anafia kaburini kwa Laila. Hamna harusi.

Riwaya zetu za mfukoni, zile zilizoshika kasi baada ya Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), nyingi zilibeba mpelelezi na maiti. Mapenzi yalikuwa chumvi tu. Yakaja kuwa wali wenyewe miaka ya 1990, magazeti binafsi yaliporuhusiwa na ya udaku yakajaa mtaani, kila moja na hadithi yake ya mfululizo. Gazeti moja Tandika lilisomwa na nyumba nzima, mpaka mwenye nyumba.

Hapo ndipo penye siri, na ni ya kibiashara kabisa. Hadithi ya gazeti inaishi kwa neno moja: Itaendelea. Dada akisema hapana na jamaa akaelewa, hadithi imekufa Jumanne, Ijumaa nani atanunua? Kwa hiyo hapana yake lazima ivunjwe, wiki baada ya wiki. Bongo Movie zilipopamba moto baada ya Girlfriend (2003), mchezo ukawa uleule: sehemu ya kwanza anakataa, sehemu ya pili unalipia tena uone anavyolainika.

Wahindi nao walichangia, tusijifanye hatuwajui. Darr ya 1993, jina lenyewe maana yake hofu, inamwonyesha Shah Rukh Khan akimwandama mwanamke aliyeolewa. Anauawa mwishoni. Lakini watazamaji walitoka wamempenda yeye, siyo mume!

Huku kwetu, mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na bughudha za kingono zikawa kosa la jinai. Kwenye hadithi jamaa aliendelea kuvaa suti ya harusi.

Nina rafiki yangu Mbagala, alibadilisha laini mara tatu kwa ajili ya mtu mmoja. Yule kaka alikuwa anakuja kusimama ng'ambo ya barabara, hasemi kitu, anaangalia dirisha tu. Shangazi mtu akamwambia, "Mwanangu, wanaume wa hivi wameisha, utamkataa mpaka lini?" Shangazi siyo mtu mbaya. Kasoma hadithi zilezile tulizosoma sisi.

Rafiki yangu alihama. Siku hizi simulizi zinakuja kwa WhatsApp, episodi ya kwanza bure, zinazofuata unalipia kwa simu. Wiki iliyopita nikamtumia moja, nikijua anapenda kusoma. Alifika pale jamaa anaposimama ng'ambo ya barabara, akaifuta.