Picha ya kwanza ya bebe: historia yake, na namna ya kuitayarisha hospitalini



Ingia leo kwenye maternite yoyote ya Goma ao Bukavu saa ya kutembelea wazazi. Mama amejifunika kikwembe kipya, bibi ameleta uji wa moto kwenye termosi, na mtu mmoja wa familia ameinua simu juu. Mara ingine ni fotografe wa kulipwa, anapita kitanda kwa kitanda akiuliza nani anataka. Wote wanatafuta kitu kimoja: picha ya kwanza ya bebe.

Wazee wanasema ni mambo ya vijana wa sasa. Lakini picha za watoto zina historia ndefu katika inchi yetu, na historia hiyo inauliza swali ambalo mzazi anapaswa kujiuliza mbele ya kukubali kupigwa picha: picha hii ni ya nani, na itamusaidia nani?

Picha zilizotoka, hazikurudi

Picha moja ya Kongo iliyojulikana sana ulimwenguni ilipigwa mwaka wa 1904 huko Baringa, upande wa Équateur, na mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris. Inaonyesha baba mmoja, jina lake Nsala, ameketi kwenye baraza. Mbele yake kuna mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na zingine kama hiyo zilionyeshwa Ulaya na Marekani, zikasaidia kumaliza utawala wa Mfalme Léopold wa Pili juu ya Kongo mwaka wa 1908. Zilifanya kazi kubwa. Lakini Nsala hakuwa na picha ya binti yake akiwa muzima. Ile moja iliyobaki ni ya kifo.

Nyuma yake wakaja Wabeleji na serikali yao. Toka miaka ya 1920, kampuni Union Minière du Haut-Katanga ilitaka wafanyakazi wa migodi wakae na bibi zao na watoto, si kuja na kurudi kijijini. Kwa hiyo ikajenga maternite, ikapima watoto kilo, ikagawa chakula kwa wamama. Mafotografe wakapiga picha: wamama kwenye mstari, bebe juu ya mizani, masista wenye nguo nyeupe. Picha hizo zilipelekwa Ubeleji ili watu kule waone kwamba kazi inaendelea vizuri. Katika nyingi, chini yake hakukuandikwa jina la mama wala la mtoto. Mtoto alikuwa pale ili kusifu kampuni.

Siyaleti haya ili kuchokoza maumivu. Nayaleta kwa sababu hata leo kuna watu wanaokuja na aparei kwenye kambi na hospitali, wanapiga, wanaenda, na mama hajui sura ya mtoto wake imefika wapi.

Wakati familia ilikamata picha mikononi

Mambo yalibadilika wakati Waafrika wenyewe walishika aparei. Antoine Freitas, mtu wa Angola, alizunguka Kasai katika miaka ya 1930 na sanduku lake la picha, akipiga watu mahali walipoishi. Jean Depara, naye aliyezaliwa Angola, alifungua studio Kinshasa katika miaka ya 1950, wakati mji ungali unaitwa Léopoldville. Katika miji mingine pia, Bukavu, Lubumbashi, Kisangani, studio zikafunguka. Sasa familia ndiyo iliamua, ndiyo ililipa, na ndiyo ilirudi nyumbani na picha.

Bebe hakupigwa hospitalini siku hizo. Filme ilikuwa bei kali, na fotografe hakufika maternite. Mama alingoja mpaka siku za kukaa ndani zimalizike, mtoto akaze shingo, kisha siku ya posho ao nyuma ya misa, wote wanavaa vizuri na kwenda studio. Mtoto anaketishwa juu ya kiti chenye kitambaa, mkono wa mama unamushika kwa nyuma. Munangoja siku kadhaa mpaka filme iishe na isafishwe.

Kazi ya maana ilifanyika nyuma ya picha: kuandika. Jina, tarehe, mahali. Mama yangu alikuwa na picha yake ya utoto yenye majina mawili nyuma. La kwanza, la ubatizo, limepigwa mstari. La pili, la kiasili, limeandikwa kwa kalamu ingine. Ni mwaka wa 1972, wakati Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Kipande kidogo cha karatasi kilibeba historia ya inchi nzima.

Picha hiyo haiko tena. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002, Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya mji wa Goma. Sisi tulibeba watoto, magodoro na sufuria. Albamu ilibaki kwenye kabati. Wengi wenu munaonisikiliza munajua hiyo hesabu: unakimbia na nini, unaacha nini.

Mwaka ambao picha ilitafuta wazazi

Katika mwezi wa saba mwaka wa 1994, watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma ndani ya siku chache. Kolera ikaua maelfu na maelfu. Watoto wengi walibaki peke yao, na kati yao kulikuwa wadogo sana, wasioweza kusema jina la baba, la mama, wala la kijiji chao.

Mashirika, kama Msalaba Mwekundu na Unicef, yaliwapiga picha watoto hao na kutundika picha kwenye mbao ndani ya kambi. Wazazi walipita wakitazama sura moja moja. Kuna waliotambua mtoto wao, na kuna waliorudi mikono mitupu. Hapa picha nyingi sana za watoto zilipigwa kwa faida ya watoto wenyewe.

Somo la wakati ule lingali na maana. Sura ya bebe inabadilika haraka: mtoto wa siku mbili hafanani na mtoto wa mwaka mmoja. Picha ya hospitali peke yake haitoshi kumutambua. Picha ambayo mtoto iko pamoja na mama yake, yenye majina na tarehe, na inayofuatwa na picha zingine kila miezi michache, hiyo ndiyo inaweza kusaidia siku mambo yakiharibika.

Namna ya kujitayarisha leo

Kwa hiyo, mama mzazi, ukitaka picha hospitalini, usione aibu. Lakini jitayarishe hivi.

Kwanza, uliza muganga ao mkunga kama wewe na bebe muko sawa. Ikiwa mtoto alizaliwa mbele ya wakati ao ana kilo kidogo, asivuliwe nguo kwa ajili ya picha, kwa sababu baridi inamushinda haraka. Mupige akiwa juu ya kifua chako, ngozi kwa ngozi. Hakuna picha nzuri kuliko hiyo.

Pili, nyonyesha kwanza. Bebe aliyeshiba analala, na aliyelala anapigwa picha bila shida. Sogea karibu na dirisha. Mwangaza wa asubuhi unatosha. Yeyote atakayemushika anawe mikono na sabuni. Mwenye kikohozi abaki inje.

Tatu, tazama nyuma yako. Kitanda cha pembeni kuna mama mwingine, labda amepoteza mtoto wake usiku huo, labda anajificha kwa sababu ya yale aliyotendewa njiani. Asiingie katika picha yako bila kukubali.

Nne, patana bei mbele. Ninajua fotografe mmoja aliyekatalia picha za mzazi kwa sababu ya pesa ambazo hawakupatana. Na usitoe pesa ya picha wakati fakture ya hospitali haijalipwa. Wamama wengi katika inchi yetu wamezuiliwa maternite kwa sababu ya deni. Simu ya shangazi inapiga bila malipo.

Tano, andika kama wazee wetu. Kama ni karatasi, andika nyuma yake. Kama ni simu, andika kwenye ujumbe pamoja na picha: jina la mtoto, tarehe na saa, hospitali, jina la baba na la mama, kijiji cha asili. Tuma kwa ndugu wawili wanaokaa miji tofauti. Simu inaibwa njiani, lakini picha iliyo kwa mjomba Kisangani ao kwa shangazi Bujumbura inabaki. Usiitie mahali ambapo kila mtu anaona, zaidi sana kama kuna watu munaowakimbia.

Mwisho, na hili ni kubwa kuliko yote: picha haimupi mtoto uraia. Sheria ya jamaa, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inatoa siku 90 toka kuzaliwa ili kumuandikisha mtoto kwenye eta sivili, na sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inasema kuandikisha ndani ya muda huo ni bure. Karatasi ambayo hospitali inatoa si akti ya kuzaliwa; ni ya kukusaidia kuipata. Siku 90 zikipita, inabaki kupitia tribinali, na njia hiyo ni ndefu. Kwa hiyo siku ile unapopiga picha ya bebe, piga pia picha ya karatasi ya hospitali, na uzitume pamoja.

Mimi sina picha yangu ya utoto. Iliungua na ile ya mama. Mtoto wangu wa mwisho anayo, na nyuma yake nimeandika jina lake, la mama yake, la kijiji chetu. Hata kama tutakimbia tena, kuna nakala kwa mjomba. Nawe, kama ulijifungua wiki hii, omba kalamu kwa mkunga na uandike leo.